Kazi ya Kweli kwa Mtoto Mwenye Mahitaji Maalumu Siku ya Mikaeli na Watoto: Mwongozo kwa Walimu wa Shule ya Jumapili

Katika sharika za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, Siku ya Mikaeli na Watoto ndiyo Jumapili ambayo ibada hukabidhiwa watoto: huongoza liturgia, huimba, husema mistari waliyoikariri, hughani ngonjera, huigiza na kukusanya sadaka. Huadhimishwa mwishoni mwa Septemba, kwa kuwa sikukuu ya Mikaeli na malaika wote huangukia tarehe 29 ya mwezi huo, na malaika wanakutanishwa na watoto kutokana na somo la siku hiyo katika Mathayo 18, ambapo Yesu anawaonya wanafunzi wake wasimdharau hata mmoja wa wadogo, kwa maana malaika wao huutazama uso wa Baba daima. Ni somo gumu kulisikiliza kwa mwalimu anayejua kwamba kuna mtoto mmoja amekaa benchi la nyuma kabisa, ameshikwa mkono na mama yake ili asisumbue.

Nayaandika haya kwa sababu nilikosea kwanza. Mwaka ambao mvulana mmoja wa miaka tisa, mwenye usonji (hali ya ukuaji wa ubongo inayomfanya mtu apokee sauti, mguso na mabadiliko tofauti na wengine), alianza kuhudhuria darasa langu, nilitaka naye aonekane, nikamfanya malaika wa saba katika igizo, nikamvika mabawa ya waya na kitambaa cha pazia, nikamsimamisha hatua mbili kutoka kwenye spika. Kinanda kilipoanza, aliziba masikio, akajitupa sakafuni na kuanza kupiga kichwa, na mtu mmoja mwenye sauti kubwa akaagiza atolewe nje. Mama yake hakurudi kanisani kwa miezi mitatu. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba sikuwa nimempa mtoto kazi yoyote. Nilikuwa nimempa mahali pa kusimama kwenye picha. Hatua zinazofuata zimetokana na mwaka uliofuata, na zinaweza kutumika vilevile kwa kwaya ya watoto, igizo la Krismasi au kambi ya watoto wa jimbo.

Hatua ya kwanza: mtembelee mzazi nyumbani, wiki sita kabla

Anza katikati ya Agosti. Usimsimamishe mama mlangoni baada ya ibada, wakati mnada wa sadaka za ndizi na kuku unaendelea na kila mpita njia anasikia. Nenda nyumbani kwake, kwa miadi, ukiwa na mwalimu mwenzako mmoja. Usianze kwa kuuliza mtoto ana tatizo gani. Jina la hali yake, liwe usonji, mtindio wa ubongo (hali ya ubongo inayoathiri misuli na mwendo tangu utotoni) au jingine lolote, litakusaidia kidogo tu, kwa sababu watoto wawili wenye usonji wanaweza kutofautiana kuliko wanavyotofautiana ndugu wa tumbo moja. Uliza kwanza anapenda nini. Mama wa kijana wetu alicheka, akasema anapenda kufunga milango: akiingia nyumba yoyote ataufungua mlango, ataufunga, atasikiliza unavyogonga fremu, kisha atarudia, na kwamba wameshafukuzwa madukani kwa ajili hiyo. Niliandika jambo hilo bila kujua kwamba ndilo litakalotuokoa.

Baada ya hapo uliza mambo ambayo bila kuyajua utaharibu kazi. Ni sauti gani, mguso gani au harufu gani inamkera? Anaonyesha dalili gani dakika chache kabla hajazidiwa? Anaelezaje kwamba anataka maji au choo, hasa kama hasemi? Je, huanguka kifafa, na anatumia dawa saa ngapi? Anameza vizuri? Swali hili la mwisho husahaulika, ilhali mtoto mwenye mtindio wa ubongo anaweza kupaliwa vibaya na karanga, bisi au soda tunazogawa kwa furaha baada ya ibada; ikiwa ndivyo, mwombe mama akuonyeshe anavyomkalisha wima na anachomlisha. Uliza pia ni nani anayeweza kumtuliza zaidi ya yeye, maana mara nyingi ni dada mkubwa au bibi.

Wazazi wengi wamechoka kuambiwa kwamba hali ya mtoto inatokana na laana au upungufu wa imani. Ukifika pale usigeuze mazungumzo kuwa maombezi ya kumponya mtoto. Mama akitaka kuombewa atasema. Mweleze pia kwamba anayokuambia hayatatangazwa jumuiyani wala kwenye kundi la simu la walimu, na kweli yasitangazwe. Mwisho, kubali kwamba anaweza kukataa. Yule wa kwetu alikataa mara ya kwanza.

Hatua ya pili: mtazame mtoto kwa Jumapili mbili

Kaa karibu na mtoto bila kumfundisha chochote, uandike: alidumu dakika ngapi kabla ya kuinuka, alifuata nini kwa macho, alimkaribia nani. Kama anasoma katika shule ya msingi yenye kitengo cha elimu maalumu, mwombe mzazi ruhusa ya kuzungumza na mwalimu wa kitengo hicho, kwa kuwa mwalimu huyo amekaa na mtoto siku tano kwa wiki na anajua ishara zake ambazo sisi wa Jumapili tungezikisia mwaka mzima. Kanisa letu lenyewe halikosi watu wa kuuliza: lina shule ya wasioona Irente, Lushoto, na shule za viziwi Mwanga na Njombe, na walimu wa shule za namna hiyo ni waumini katika sharika zetu.

Hatua ya tatu: chagua kazi ambayo bila yeye ibada itasimama

Hapa ndipo penye uzito wote, nami naomba msomaji asiharakishe. Kuna desturi ya kumpa mtoto mwenye ulemavu ua la kushika, au kumsimamisha mwishoni akapigiwa makofi kwa sababu tu amesimama. Watoto wenzake wanaielewa maana yake mara moja, naye huielewa pia. Kipimo ninachotumia ni swali moja: mtoto huyu asipokuja siku hiyo, je, kuna jambo litakalokwama mpaka mwingine apewe kazi yake? Kama hakuna, bado hujampa kazi.

Kazi itafutwe katika jambo ambalo mtoto tayari analifanya kwa kupenda. Kijana wetu alipenda milango. Kwa hiyo tuliamua kwamba siku ile milango mikubwa ya kanisa itabaki imefungwa mpaka kengele ya tatu, watoto wote wakisubiri nje katika maandamano, naye aifungue, awapitishe, kisha aifunge nyuma ya mtoto wa mwisho. Mzee wa kanisa wa zamu alilalamika kuhusu joto, na alikuwa na haki. Tukakubaliana kwamba wimbo wa kwanza ukiisha kijana aifungue tena. Hivyo alipata kazi mbili badala ya moja, na hiyo ya pili ilitoka kwa mzee yuleyule.

Kwa mtoto mwingine kazi itakuwa nyingine. Asiyesema anaweza kuinua kadi kubwa za picha, moja kwa kila ubeti wa ngonjera, wenzake wakiwa hawaruhusiwi kuanza ubeti kabla kadi haijainuka. Mwenye ulemavu wa akili anayeweza kusema neno moja apewe neno linalojirudia, kwa mfano "Amina" mwishoni mwa kila ombi, na anayeongoza maombi afundishwe kumsubiri hata kama kimya kitarefuka. Kwa mtoto kiziwi, darasa zima lijifunze mstari mmoja kwa lugha ya alama, naye awe ndiye anayewafundisha. Usimtafutie mkalimani wa kumtafsiria mambo ya wengine ukadhani umemaliza. Mwenye uoni hafifu aandikiwe somo kwa herufi kubwa nyeusi kwenye karatasi isiyong'aa, na kama ana ualbino, maandamano ya nje yapite kivulini au yafupishwe, naye avae kofia pana na mikono mirefu bila kuambiwa kwamba anaharibu sare.

Anayetumia kiti cha magurudumu asibebwe kupandishwa madhabahuni kama mzigo. Ama tendo zima lifanyike chini, mbele ya mabenchi, ambako kila mtoto atasimama usawa mmoja naye, ama pawekwe njia ya mteremko. Kipimo kinachokubalika ni sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kimo, maana yake ngazi moja ya sentimita 15 inahitaji ubao imara wa sentimita 180. Ubao mfupi kuliko huo utamrudisha mtoto kinyumenyume, na nimeona ikitokea.

Hatua ya nne: tengeneza mahali kabla ya kumtengeneza mtoto

Nenda kanisani siku ya kazi pamoja na fundi mitambo. Mwombe akuonyeshe sauti ya spika inavyofika pale mtoto atakaposimama, kisha ipunguzwe au spika igeuzwe. Tegemea mabishano, kwa kuwa mafundi wetu wengi hutegesha spika kana kwamba Mungu anakaa wilaya ya jirani. Mweleze tu kwamba mtoto mwenye usonji anaweza kuisikia sauti hiyo kama maumivu, na kwamba mlio wa ghafla wa maiki humtisha kuliko kwaya nzima.

Tenga pia mahali pa utulivu: sakristia, chumba cha darasa, au kivuli cha mti upande usio na maegesho. Weka mkeka, maji, kanga ya kujifunika na kitu kimoja anachokipenda. Watoto wote waelezwe kwamba hapo si mahali pa adhabu, na mtoto yeyote aliyechoka anaweza kwenda. Mlango wa chumba hicho usifungwe, na wawepo watu wazima wawili wanaofahamika na mzazi, kwa sababu mtoto asiyeweza kujieleza ndiye anayehitaji kulindwa zaidi. Mambo ya choo yabaki kwa mzazi au kwa mtu aliyemteua mwenyewe.

Hatua ya tano: tengeneza ratiba ya picha

Mtoto anayefadhaishwa na mabadiliko husaidika sana akiona kwa macho kitakachotokea na lini kitakwisha. Haihitaji fedha. Sisi tulikata boksi la sabuni vipande vinne vya ukubwa wa kiganja, tukabandika picha tulizopiga kwa simu na kuzichapisha mjini: kengele, mlango umefungwa, mlango umefunguliwa, na chupa ya soda mkononi mwa mama. Tulizibana kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Kila jambo likiisha, kijana aliitoa picha yake mwenyewe na kuidumbukiza kwenye kopo la maziwa ya unga, na mlio wa kadibodi ikigonga chini ya kopo ulimpendeza kiasi kwamba siku za mwanzo alitaka kuzidumbukiza zote kwa mkupuo. Mama alikaa na kamba hiyo nyumbani wiki tatu, akiirudia kila jioni. Picha ya mwisho iwe daima ile ya kwenda nyumbani au ya kitu anachokipenda, na ahadi hiyo itimizwe papo hapo; ukimwonyesha soda kisha soda ikacheleweshwa kwa matangazo ya nusu saa, hataiamini tena kamba yako.

Hatua ya sita: mpate rafiki, na uwaandae wengine

Chagua mtoto mmoja wa rika lake, yule ambaye tayari humkaribia bila kuagizwa, wala si lazima awe mwenye adabu kuliko wote. Wape kazi zinazotegemeana. Rafiki wa kijana wetu ndiye aliyepewa kugonga kengele, ambayo kwetu ni rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mwembe, na makubaliano yao yalikuwa rahisi: mimi nikigonga ya tatu, wewe fungua. Mtahadharishe rafiki kwamba yeye si askari wala yaya, kwa hiyo asimvute mwenzake mkono.

Darasa lote lielezwe kwa maneno machache, mzazi akiwa ameyakubali: kwamba mwenzao husikia sauti kubwa kuliko wao, hurusha mikono akifurahi, na hapendi kushikwa kwa ghafla. Maneno kama zezeta na taahira yakatazwe palepale, pamoja na lile la upole wa uongo, "wale watoto". Watoto waruhusiwe kuuliza. Mmoja aliniuliza kama usonji unaambukiza. Nilimjibu kwamba hauambukizi, akaenda kukaa karibu naye, jambo likaisha.

Hatua ya saba: mazoezi mafupi, kwa mpangilio uleule

Zoezi lisizidi dakika kumi. La kwanza lifanyike kanisa likiwa tupu, la pili kinanda kikipigwa kwa sauti ya chini, la tatu watoto wakiwa wote, la nne wakiwemo wazazi wachache. Usibadilishe mahali, mlango wala mpangilio katikati, hata kama umepata wazo zuri zaidi. Wazo hilo liweke la mwakani. Sare apewe mapema aivae nyumbani, lebo ya shingoni ikatwe, na kama kola inamkera avae fulana ya rangi ileile. Mabawa ya waya tuliyaacha kabisa.

Hatua ya nane: siku yenyewe

Kazi ya mtoto iwekwe mwanzoni, kwa sababu ibada ya siku hiyo inaweza kuchukua muda wa saa tatu nzima, na kusubiri ndiko kunakowachosha watoto hawa kuliko kutenda. Afike mapema kanisa likiwa bado kimya, na akimaliza sehemu yake awe huru kubaki, kwenda mkekani au kurudi nyumbani, bila mtu kumwona mama kuwa hana heshima kwa ibada.

Mweleze mchungaji na mwongoza ibada, tangu wiki iliyotangulia, mambo mawili. Kwanza, mtoto asiitwe mbele kuelezewa hali yake wala kuombewa hadharani, isipokuwa watoto wote wanaombewa. Pili, badala ya makofi na vigelegele, usharika uombwe kupunga mikono hewani. Kwetu akina mama walisahau, kigelegele kimoja kikapaa, lakini kijana alikuwa ameshafunga mlango na kelele zikamfikia kwa mbali. Picha zipigwe kwa ruhusa ya mzazi, na zisisambazwe mitandaoni bila ruhusa nyingine iliyo wazi.

Akizidiwa, mtu mmoja tu aseme naye, kwa sauti ya chini na maneno machache. Usimkemee, usimshike kwa nguvu isipokuwa yuko hatarini, wala usiruhusu watu kumzunguka. Wageuze wengine waendelee kuimba, mpunguzie sauti, mwonyeshe picha ya mkeka, mngojee. Huo si utundu wala pepo, na anayetaka kukemea pepo ndiye atakayeombwa atoke nje.

Akianguka kifafa, tazama saa, ondoa viti, mlaze ubavu akiwa na kitu laini chini ya kichwa, legeza nguo shingoni, na usimtie kijiko, kitambaa wala kidole mdomoni. Usimzuie anaporusha viungo. Ikizidi dakika 5, au akianguka tena kabla hajazinduka, apelekwe hospitali mara moja. Kwa hiyo namba ya simu ya mwenye gari au bodaboda unayemwamini iwe mfukoni mwako tangu asubuhi.

Hatua ya tisa: rudi kwa mzazi, na uendelee na Jumapili inayofuata

Katika wiki hiyohiyo rudi nyumbani kwa mama, uulize mtoto alilalaje usiku ule, alikula, alirudia nini kwa vitendo. Majibu hayo hueleza kama siku ilimfaa kuliko sifa za wazee. Sipendi vyeti vya "mshiriki maalumu", wala siku moja ya watoto wenye ulemavu ambayo ikipita benchi la nyuma linarudi kuwa lao. Kazi aliyoiweza Septemba aendelee nayo Oktoba, katika kiwango cha Jumapili ya kawaida.

Kijana wetu sasa ndiye anayefungua mlango wa darasa la watoto kila juma, nasi hatuanzi kabla hajaufungua. Juma moja alikuwa na homa, hakuja, na watoto ishirini na wawili walisimama nje wakibishana nani aushike, mpaka rafiki yake akasema twende kwao tukamwone kwanza. Tulichelewa kuanza kwa dakika arobaini.